Mlinzi wa Kushoto: Maisha ya Ondrej Palenik, 1941–2023

Marehemu Ondrej Palenik, ambaye katika mji huu hakuna aliyemwita vingine ila Ondro, alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 nyumbani kwao Mtaa wa Tanuri, hapa Dunmoyle, Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa Juraj Palenik, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma kando ya mto Monongahela, na mkewe Anna, aliyefuga bata bukini na kushona mito ya manyoya yao. Mizani ya mkunga haikumtosha mtoto. Ilibidi apelekwe duka la nyama la jirani akapimwe huko, na muuza nyama aliapa mpaka uzeeni kwamba mteja mmoja aliuliza bei yake.

Wasifu huu umeandikwa na shemeji yake, Emil Kravec, na anausoma yeye mwenyewe. Humu ndani atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, maana siku hii ni ya Ondro, si yake. Yeye na Ondro walilelewa ua kwa ua, wakasoma darasa moja, na kwa zaidi ya miaka sitini wakabishana juu ya jambo moja tu. Ondro alikuwa mbishi. Emil ni mbishi zaidi, na leo amekuja kuumaliza ubishi huo mbele ya jeneza na mbele yenu nyote.

Marehemu alibatizwa katika kanisa hili hili na kusoma shule ya msingi ya parokia, ambako masista walimweka dawati la nyuma kabisa ili wenzake waweze kuona ubao. Mwaka 1955 aliingia Shule ya Sekondari ya Dunmoyle. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Kwaya ilimpenda kwa sauti yake nzito, na futiboli ilimpenda kwa mwili wake wote.

Padri Sebastian, aliyetujia mwaka jana kutoka Kerala, India, ameomba aelezwe mchezo wenyewe, na ni haki yake, kwa kuwa ndiye anayemzika mtu aliyeuishi. Futiboli yetu huchezwa kwa mpira wa umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Mbele huinama wanaume watano, vidole vya mkono mmoja vikiwa chini kwenye nyasi, uso kwa uso na adui. Hao mpira hawaubebi, ila wa katikati huupitisha nyuma kati ya miguu yake. Nyuma yao husimama mrushaji, ambaye huupokea na kufanya moja kati ya mambo mawili: ama aurushe mbali kwa mwenzake, ama amkabidhi mkimbiaji apenye nao katikati ya watu. Magazeti humsifu mrushaji na mkimbiaji. Lakini wale watano wasipomzuia adui, mrushaji huangushwa kabla hajainua mkono, na mkimbiaji hugonga ukuta wa watu. Ondro alilisema kwa kifupi kuliko hivi: mrushaji akipata sekunde tatu ni mfalme, akipata moja ni mgonjwa.

Yeye alikuwa mlinzi wa mwisho upande wa kushoto. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia akijipinda kurusha, mgongo wake huelekea kushoto, na anayemjia kutoka huko hamwoni kabisa. Mrushaji wa Dunmoyle alikuwa Emil, na alikuwa mzuri. Hayo hayasemwi kwa majivuno, maana yamekwisha kupita. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeshamwahidi nafasi ya kusoma bure. Kabla ya kila mchezo, katika chumba cha kubadilishia nguo, Ondro alimsogelea na kumwambia maneno yale yale: "Wewe tazama mbele, Emil. Kushoto kwako niachie mimi."

Ijumaa tarehe 7 Novemba 1958, Dunmoyle ilicheza na Brackett, mji wa ng'ambo ya mto. Aliyesimama mbele ya Ondro alikuwa kijana mwembamba aitwaye Carmine Tedesco, ambaye Ondro angeweza kumbeba begani kama gunia la viazi. Ajabu ni kwamba kila Dunmoyle ilipotaka kurusha, Tedesco alikuwa ameshaondoka mahali pake kabla Ondro hajainuka. Na kila ilipotaka kukimbia na mpira, alikuwa ameshajipanda ardhini kama kigingi, anangoja. Mkimbiaji wetu hakupata pa kupita mchezo mzima. Kipindi cha tatu Emil alijipinda kurusha, akapigwa mgongoni na Tedesco kutoka kushoto, akaangukia bega la kulia.

Mfupa ulivunjika vibaya. Madaktari waliunga walichoweza, na chuo kikatuma salamu za pole kisha kikanyamaza. Kesho yake Ondro alifika hospitalini na paja la bata bukini ambalo mama yake alilichoma kwa ajili ya mgonjwa. Akaketi kando ya kitanda, akaanza kulia, na huku analia akalila paja lote mwenyewe bila kujua. Emil alicheka mpaka muuguzi akaja kumkataza, kwa ajili ya bega.

Ondro alihitimu Juni 1959 na mwezi uliofuata akaingia kiwandani, kama baba yake. Emil alipata kazi ya karani posta, ambako mkono mmoja mzima ulitosha. Mwaka 1961 huyo Carmine Tedesco akaajiriwa kiwandani, na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampanga zamu moja na Ondro. Walikula meza moja kwa wiki kadhaa wakizungumza habari za mvua na za mishahara. Siku moja Ondro akashindwa kuvumilia. Akamuuliza alijuaje.

"Vidole vyako, bwana," Tedesco akamwambia, huku anamenya yai lake la kuchemsha. "Mkitaka kukimbia, ulikuwa unaegemea mkono mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Mkitaka kurusha, mkono unagusa nyasi hivi, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Mrushaji wenu sikuwa namtazama hata kidogo. Mimi nilikuwa nasoma kucha."

Hilo ni kosa la watu wa safu ya mbele peke yao, na hulifanya zaidi mtu mkweli. Anayejiandaa kusukuma mbele, ili amfungulie mkimbiaji njia, mwili humwinamia mbele. Anayejiandaa kurudi nyuma, ili amkinge mrushaji, hukalia visigino. Moyo ukishaamua, mkono hutangaza. Na adui akishajua ni lipi kati ya mawili linakuja, nguvu za mlinzi hazina kazi tena, hata awe na mwili wa Ondro.

Ondro hakunawa siku hiyo. Alitoka kiwandani na masizi yake usoni, akapitiliza kwao, akagonga mlango wa akina Kravec. Alisimama kizingitini akaeleza yote, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ni huu," alisema. "Nilikuwa nakuuza kila mchezo, Emil, na sijui."

"Kwa hiyo nimevunjwa bega na kucha?" Emil akamuuliza.

Alitaka wacheke, yaishe. Ondro hakucheka. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Emil alisema mvulana wa miaka kumi na saba hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuna kocha aliyemwonya kulihusu. Ondro alisema mlinzi hana udhuru. Kazi yake ni moja, na hiyo moja hakuifanya. Emil alisema amesamehe. Ondro alimjibu kwamba msamaha wa mrushaji hauhesabiki, kwa sababu mrushaji haoni kinachotokea nyuma yake. Walilirudia hilo kwenye harusi na kwenye misiba, kwenye chakula cha samaki cha Ijumaa za Kwaresima katika ukumbi wa kanisa, na hakuna aliyesogea hata inchi moja.

Lakini mtu asidhani Ondro alikuwa wa kukaa na kujililia. Alisema ataunyamazisha mkono ule, na akaunyamazisha. Wenzake wa zamu walimkuta wakati wa mapumziko ameinama peke yake kati ya makabati ya nguo, vidole sakafuni, anainuka, anainama tena. Walimtania kwamba amepoteza senti. Aliwaambia ndiyo, na ataitafuta mpaka aipate.

Wakati huo alikuwa ameshampenda Ludmila, dada yake Emil, na Ludmila alikuwa ameshampenda yeye, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa Mzee Matus Kravec, baba mwenye nyumba. Ondro alipokwenda kumposa, majira ya kuchipua ya 1963, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akazima kiko chake.

"Umeshindwa kumlinda mwanangu wa kiume kwa sekunde tatu," alisema. "Binti utamlindaje maisha yote?"

Mtu mwingine angeaga. Ondro alimwomba mzee ampe mtihani wowote anaoutaka. Sasa, pale uani palikuwa na bata bukini dume mwenye roho mbaya aitwaye Kaisari, ambaye mtu wa posta alikuwa akimrushia barua kwa juu ya ua. Mzee akaamua hivi: Ludmila atembee kutoka mlangoni hadi langoni na kurudi, Kaisari akiwa huru, na Ondro ahakikishe ndege huyo hamgusi binti. Sheria ni ya uwanjani: kupiga teke hapana, kushika hapana.

Emil aliyaona yote kutoka dirishani, na anayasema mbele ya msalaba huu kwamba hajawahi kuona ulinzi bora. Ondro alikunja magoti, akashusha nyonga, akaweka mikono mbele ya kifua. Hakumrukia ndege, alimngoja. Kaisari akienda kulia, miguu ya Ondro iliteleza kulia. Akirudi kushoto, Ondro alikuwa ameshafika. Daima alibaki katikati ya yule anayelindwa na yule anayeshambulia, na siri yote ya kazi ile iko hapo. Aliumwa mapajani, aliumwa sehemu ambayo haitajwi kanisani, wala hakuinua mguu. Ludmila alikwenda na kurudi polepole kama anayetoka komunyo, na inasemekana langoni alisimama kidogo kutazama mawingu, kwa makusudi.

Mzee aliizunguka sketi ya binti yake akiikagua. Hakukuwa na alama hata moja. "Mchukue," alisema, "kabla sijabadili mawazo." Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 22 Juni 1963. Kaisari alihudhuria karamu, akiwa amechomwa, kabichi pembeni.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Anna, Terezia na Matus mdogo. Matus alirithi mwili wa baba yake, akautumia kupuliza tarumbeta katika bendi ya shule. Baba yake hakusema neno la kulalamika. Kila alipoulizwa, alijibu kwamba hata tarumbeta inahitaji mtu wa kusimama mbele ya upepo.

Mwaka 1966 marehemu alianza kuwafundisha wale watano wa mbele katika shule yetu, jioni baada ya zamu, bila malipo. Wapo hapa leo wanaume wengi wenye mvi waliopita mikononi mwake, na wote mnajua kilichowangoja siku ya kwanza: trei ya mayai mabichi kutoka banda la kuku la Ludmila. Kila mvulana aliwekewa yai moja kwenye nyasi na kuambiwa ainame aweke vidole vitatu juu yake. Ukiegemea, linavunjika. Ukilegeza, linabingirika. Kisha Ondro anataja mchezo, kukimbia au kurusha, na yai halitakiwi kujua tofauti. Mvulana mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza kama hili ni zoezi au ni kifungua kinywa. Ondro akamwambia, "Ukilivunja ni kifungua kinywa. Usipolivunja, mrushaji wako atakuja kucheza na wajukuu wake." Katika nyumba ya Palenik keki hazikuokwa kuanzia Agosti mpaka Novemba.

Aliwafundisha kwamba mkimbiaji na mrushaji wanakula sahani moja. Adui asiyejua kama utamsukuma au utarudi nyuma husita nusu pumzi, na nusu pumzi hiyo ndiyo mlango wa mkimbiaji. Mkimbiaji akishapita mara mbili tatu, adui huwahi mbele kuziba, na akiwahi mbele huacha mgongo wake wazi kwa mpira wa kurushwa. Yote hayo, alisema, yanaanzia kwenye vidole vitatu vilivyotulia. Makocha wakuu walikuja na kuondoka, kila mmoja na mipango yake ya kupendeza ubaoni. Ondro hakubishana na ubao wa mtu. Alienda zake na trei yake.

Msimu wa 1979 Dunmoyle ilifika fainali ya shule za bonde hili la mto, na aliyekuwa akitungoja alikuwa Brackett. Siku moja kabla ya mchezo kuku wa Ludmila, ambao Novemba hunyonyoka manyoya na kususa kutaga, hawakutoa kitu. Ondro alifungua kabati la vioo sebuleni, akachukua matano kati ya mayai ya Pasaka ya mkewe, yale matupu yaliyochorwa kwa nta na rangi, mengine yakiwa ya mama mkwe aliyokuja nayo kutoka Slovakia akiwa msichana. Akayapeleka uwanjani ndani ya kofia yake. Kwa akili yake, gamba tupu lingekuwa mwalimu mkali zaidi. Manne yalinusurika. La tano, la mama mkwe, lilipasuka chini ya vidole vya mlinzi wa kushoto, Paul Tedesco, mtoto wa Carmine, maana familia ile ilikuwa imehamia kwetu zamani.

Ludmila alikusanya vipande kwenye leso. Paul alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, hana rangi usoni.

"Tedesco mmoja alivunja bega la kaka yangu," Ludmila alisema. "Huyu amevunja yai la mama yangu. Familia hii ina mikono." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, Ondro, kesho mkishindwa, usirudi na basi. Njoo kwa miguu."

Mchezo ule wa tarehe 23 Novemba 1979 ulichezwa kwenye tope. Emil alikaa jukwaani bega kwa bega na Carmine Tedesco, ambaye alikuja na darubini yake ya kuwindia. Watano wetu waliinama, wakainuka, wakainama. Brackett walisita. Mkimbiaji alipenya kushoto, akapenya tena kushoto, na walipokimbilia mbele kumziba, mrushaji alisimama nyuma ya watano wake kwa raha zake, akatazama mbali, akarusha. Hakuna mkono uliomgusa kutoka kushoto mchezo mzima. Carmine alikuwa ameelekeza darubini yake chini, kwenye vidole vya mwanawe, haiondoi. Dakika za mwisho aliishusha.

"Emil," alisema, "nasoma kucha za mtoto wangu mwenyewe, na sioni kitu."

Emil alilia pale jukwaani, kwa furaha, na haoni haya kulisema. Dunmoyle ilishinda. Walipokutana chini uwanjani alimkumbatia Ondro na kumwambia sasa basi, yamekwisha. Ondro alimpangusa tope begani, lile la kulia, taratibu. Akasema huyu mrushaji wa leo amelindwa. Yule wa zamani bado.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1984, na mji huu ukapiga magoti. Wengi walihama. Ondro alichukua kazi ya kutunza boila, tanuri la kupasha majengo joto, shuleni, akaendelea na wavulana wake na mayai yake mpaka alipostaafu mwaka 2009. Kulikuwa na misimu ambayo shule ilipata wachezaji wa kuhesabika, na mwaka mmoja iliambiwa ifute timu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba akina mama vijana wao, akirudi na wawili wawili, mpaka akapata watano. Alipoulizwa na mama mmoja kama mwanawe ataumia, hakumdanganya. Alimwambia anaweza kuumia, ila hataumia kwa sababu mwenzake hakuwa tayari.

Mwaka 2014 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ulianzia mkono wa kushoto. Mkono ambao aliufundisha kutosema kitu ukaanza kusema kutwa nzima, mezani, kanisani, juu ya blanketi. Wengine wangeuficha mfukoni. Yeye kila asubuhi aliketi jikoni, akaomba yai, akaweka vidole vitatu juu yake na kuuamuru mkono utulie. Kwa miaka kadhaa ulimtii, dakika moja, nusu dakika. Ludmila alikuwa akipika huku amempa mgongo, asimwone akijitahidi.

Majira ya baridi ya 2021 Emil alikuwepo yai lilipobingirika likaanguka sakafuni. Ondro alilitazama. Akasema mkono umeanza kutangaza tena. Emil aliweka mkono wake juu ya ule mkono, akaukandamiza mezani, ukawa unatetemeka chini ya wake kama kifaranga.

"Uache utangaze," alimwambia. "Umenyamaza miaka yote kwa ajili yangu. Unafikiri sikuona?"

"Wewe mrushaji. Huoni nyuma."

"Nimekuona, Ondro."

Kwa mara ya kwanza Ondro hakujibu. Lakini kutojibu si kukubali, na waliomjua wanalijua hilo.

Mwezi Septemba mwaka huu alianguka bafuni, mapafu yakaingia maji, akakataa kupelekwa hospitali. Akiwa na akili timamu alimwita mkewe akapanga mazishi yake. Jeneza libebwe na watano wa mwaka 1979: Paul Tedesco, Dale Novotny, Greg Sabo, Walter Jankowski na Bernard Oakes. Wa sita atafutwe mtu mwenye bega zima. Ludmila alitaja jina la kaka yake. Ondro akakataa. Emil asibebe kitu, alisema. Emil atembee nyuma yao, katikati, pale anapokaa mrushaji, na vijana wahakikishe hakuna anayemgonga. Hata kitandani mwanamume huyu alikuwa bado anazuia.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 82, mkewe akiwa amemshika mkono. Ludmila anasema mkono ulitulia kabla yake kidogo, na kwamba aliona Ondro ameutazama na kuridhika. Katika mfuko wa koti alilovaa sasa kuna yai la Pasaka la mama mkwe, lile lililopasuka na kugundishwa. Ludmila ameliweka upande wa kushoto.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Ludmila Palenik. Watoto Anna, Terezia na Matus pamoja na wenzi wao. Wajukuu saba na kitukuu mmoja, ambaye mizani ya hospitali ilimtosha kwa shida. Rafiki yake Carmine Tedesco, aliyeletwa leo kwa kiti cha magurudumu na darubini yake. Wavulana wake wote wa safu ya mbele. Na shemeji yake Emil. Baada ya maziko familia inawakaribisha nyote ukumbini kwa chakula. Kutakuwa na keki, ingawa ni Oktoba.

Kuhusu wabeba jeneza, familia inaomba radhi kwa marehemu. Nafasi ya sita haikupewa mtu mwenye bega zima. Mwenye kampuni ya mazishi amesema mzee wa miaka themanini na mbili hawezi kushuka ngazi za kanisa na mzigo ule, na Paul Tedesco amemwomba kwa heshima zote akae nyuma kama Kocha alivyoagiza. Wote wawili wameambiwa wakae kimya. Emil akimaliza mstari wa mwisho ataikunja karatasi hii, atakwenda kwenye jeneza, na atashika mpini wa mbele kabisa, upande wa kushoto, kwa mkono wa kulia, ule ule. Bega hili limepumzika vya kutosha. Njia kutoka hapa hadi kaburini ni fupi, na kwa urefu wake wote mrushaji ndiye atakayetangulia na mlinzi atakuwa nyuma yake, halindi mtu, amelala. Huo ndio mwisho wa ubishi.

Mungu aupokee mkono wake na yeye mwenyewe, wapumzike kwa amani.

Wewe tazama mbele, Ondro. Kushoto kwako niachie mimi.